Khutba ya Ijumaa: Wanaojitolea Kuwaelimisha Watu Juu ya UKIMWI

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa uhai na mauti, Mwenye kuleta maradhi kwa hekima Yake na Mwenye kuleta dawa kwa rehema Yake. Tunamshukuru kwa neema Zake zilizo dhahiri na zilizofichika, na tunajikinga Kwake na shari za nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaosikiliza majumbani, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mwenyezi Mungu ni mtu kuihifadhi roho aliyopewa amana, roho yake mwenyewe na roho ya jirani yake.

Ndugu Waislamu! Katika mitaa yetu na vijiji vyetu wamo wanaume na wanawake ambao hawana cheo wala mshahara wa haja. Hutoka asubuhi kwa miguu au kwa baiskeli, wakaenda nyumba kwa nyumba kuwaelimisha watu juu ya UKIMWI. Huwahimiza watu kwenda kupima, huwakumbusha wagonjwa kumeza dawa zao, humsindikiza mama mjamzito mpaka kliniki, na humpangusa jasho mgonjwa ambaye nduguze wamemkimbia. Hao ndio ninaotaka kuwazungumza leo. Maana katika kazi yao hiyo wengi wao hawapati shukrani. Wapo wanaofungiwa milango. Wapo wanaoambiwa kuwa wao wenyewe ni wagonjwa, ndiyo sababu wanashughulika hivyo. Na mwanamke akiifanya kazi hiyo, hutafutiwa jina ambalo Muislamu hapaswi kumwita mwenzake. Je, hivi ndivyo dini yetu ilivyotufundisha kumlipa mtenda kheri?

Kwanza tuujue msiba wenyewe. Maradhi haya yalielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1981, na kirusi kinachoyasababisha kikagunduliwa mwaka 1983. Katika miaka hiyo hiyo yalidhihirika kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Rakai nchini Uganda na upande wa Kagera hapa kwetu Tanzania. Watu wa Bukoba waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kusimuliwa. Waliona nyumba zikifungwa kwa kukosa mwenyewe, mashamba ya migomba yakimea magugu, na bibi vizee wakianza upya kazi ya kulea, wakiwalea wajukuu baada ya kuwazika wana wao. Na wala msiba huo haujakwisha. Katika mwaka 2023, watu wapatao milioni 39.9 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi, na watu wapatao 630,000 walikufa kwa maradhi yanayotokana navyo. Hapa kwetu, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100, wapatao 4 wana virusi hivyo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Yupo atakayesema: Yote haya ni kadari ya Mungu, basi kuna haja gani ya kujihangaisha? Neno hili lina sura ya imani, lakini si mafunzo ya Masahaba. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alitoka Madina katika ukhalifa wake kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipata habari kuwa Sham imeingia tauni. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kuwa ndiyo, anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyefika na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine mkavu. Akichunga upande wowote atakuwa amechunga kwa kadari ya Mungu, lakini hapana mwenye akili atakayeuacha ule wenye majani. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawaeleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiwakataza watu kuingia katika mji wenye tauni, na akiwakataza walio ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Sayyidna Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu kwa kuafikiana na agizo la Mtume.

Basi tazameni, ndugu zangu. Khalifa wa Waislamu aliwaokoa watu wake kwa sababu mtu alimletea habari. Lau mleta habari angefungiwa mlango, jeshi lile lingeingia katika tauni likiwa na imani kamili lakini halina ujuzi. Hiyo ndiyo kazi ya wanaojitolea wa leo. Wao ni waleta habari.

Wala jambo la kujitolea kuhudumia wagonjwa si geni katika Uislamu. Rufaida (R.A.), mwanamke wa kabila la Aslam, alipigiwa hema katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, akiwatibu majeruhi kwa kutaka thawabu za Mwenyezi Mungu. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa katika hema hilo, na Mtume alikuwa akipita kumjulia hali. Mwanamke huyo hakuzuiliwa kwa kuwa ni mwanamke, wala msikiti haukuhesabiwa kuwa umenajisika kwa kuingizwa wagonjwa. Mafunzo ya afya katika ukumbi wa msikiti, basi, si jambo la kuzua. Lina asili mjini Madina.

Na katika zama zetu hizi, tunao mfano kwa jirani zetu. Mwaka 1988 madaktari na wauguzi Waislamu wa Uganda waliunda Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya nchi hiyo, ikiongozwa na Daktari Magid Kagimu. Mwaka 1989 walikutana na viongozi wa dini kutoka wilaya za nchi yao, na hapo ikatangazwa jihadi dhidi ya UKIMWI. Haikuwa jihadi ya upanga. Ilikuwa jihadi ya kupambana na matamanio ya nafsi na kupambana na ujinga. Mwaka 1992 wakaanza kazi katika wilaya za Mpigi na Iganga. Walimfundisha imamu wa msikiti, wakawafundisha wasaidizi wake, wanaume na wanawake, kisha wakapatikana watu wa kujitolea katika kila eneo la msikiti, wakawa wanazitembelea familia majumbani mwao. Imamu akisema juu ya mimbari siku ya Ijumaa, anayejitolea huyafikisha maneno jikoni na barazani siku za kazi. Baada ya miaka miwili walipima matokeo, wakakuta elimu ya watu imezidi, na tabia za hatari zimeanza kupungua. Mwaka 1995 wakaipeleka elimu hiyo katika madarasa za watoto, na mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI likaitangaza kazi yao kuwa mfano wa kuigwa. Wale walioifanya walikuwa wakulima, wachuuzi na walimu wa Kurani, watu kama sisi.

Waliyoyafundisha yalikuwa yanatuhusu hasa sisi Waislamu, nayo yanatuhusu hadi leo. Nitayataja matatu.

La kwanza ni tohara. Wapo vijana wanaodhani kuwa aliyetahiriwa hapati virusi hivi. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambao matokeo yake yalitolewa kati ya mwaka 2005 na 2007, ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Kupunguza si kuondoa. Asilimia iliyobaki inatosha kumwua mtu, na tohara hiyo haimkingi mke. Tena tohara yenyewe, ngariba akitumia wembe mmoja kwa watoto wengi, huwa njia ya kupitisha maradhi kutoka damu hadi damu. Sunna haikuamrisha wembe mchafu.

La pili ni kuosha maiti. Maiti wa Kiislamu ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, hata akifa kwa maradhi gani. Mwoshaji avae glavu, afunike jeraha lolote alilonalo mkononi, na asafishe kwa dawa mahali palipomwagika damu. Akifanya hivyo ametimiza faradhi ya kutosheleza kwa salama. Yeyote anayekataa kumwosha ndugu yake kwa kuogopa, hofu yake ni ya ujinga, na ujinga una dawa, nayo ni kuuliza.

La tatu ni ndoa. Mke mwaminifu asiyetoka mlangoni mwake huambukizwa na mume aliyetoka. Mtoto huzaliwa na virusi bila kosa lolote. Kwa hiyo yeyote anayesema kuwa kila mwenye UKIMWI ni mzinifu amewasingizia maelfu ya wanawake wenye kujihifadhi, na Kurani imeweka adhabu kali kwa wenye kuwasingizia wanawake hao.

Ndugu Waislamu! Hapana shaka kuwa zina ni haramu, na kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa amekataza hata kuikaribia, sembuse kuitenda. Kuacha zina, kuoa na kuolewa, na uaminifu ndani ya ndoa ndiyo ngome ya kwanza, na wanaojitolea wetu hawaachi kuifundisha. Lakini mtu akikwisha kuugua, swali la mlangoni pake si amekosa nini. Swali ni anahitaji nini. Yule mwanamke wa Ghamid alikwenda mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri kosa lake, akasimamishiwa hukumu. Khalid bin Walid (R.A.) alipomtukana, Mtume alimkanya, akaeleza ukubwa wa toba yake, kisha akasaliwa na akazikwa. Ikiwa aliyethibiti kosa lake hakunyimwa sala wala heshima, sisi tumepata wapi idhini ya kumnyima mgonjwa ambaye hatujui alivyougua?

Wapo wanaosema kuwa kuzungumza mambo haya hadharani ni kuondoa haya. Haya ni sehemu ya imani, nasi hatutaki maneno machafu. Lakini wanawake wa Kiansari walikuwa wakimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya hedhi na janaba, na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kijana asipofundishwa na mwalimu mwenye heshima, atafundishwa kijiweni. Na mume na mke ambao mmoja wao ana virusi, nao wanahitaji kuambiwa waziwazi namna ya kukingana, kwa dawa na kwa kinga nyingine watakayoelekezwa na daktari. Kumwelekeza mume amkinge mke wake wa halali hakuwezi kuitwa kufungua mlango wa haramu. Ni kuondoa madhara, nayo sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara.

Kisha liko jambo ambalo linaua watu wakati huu tunapozungumza. Mgonjwa anameza dawa zake, afya inamrudia, mashavu yanajaa. Halafu anatokea mtu mwenye kilemba akamwambia: Acha vidonge, kunywa kombe, tegemea dua. Mgonjwa anaacha, virusi vinaamka, na baada ya muda tunabeba jeneza. Ndugu zangu, someni dua, wala hapana anayekatazwa kumsomea mgonjwa. Lakini Bedui alipomwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, aliagizwa amfunge kwanza kisha ategemee. Vidonge ndiyo kamba ya ngamia, na dua ndiyo tegemeo. Anayemwamrisha mgonjwa aache dawa za hospitali ajue kuwa ataulizwa juu ya roho hiyo.

Dawa hizi si uvumi. Tangu mwaka 1996 madaktari walipoanza kuzichanganya dawa za kufubaza virusi, ugonjwa huu ulitoka katika hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Hapa Tanzania zilianza kutolewa bure katika hospitali mwaka 2004. Anayezimeza kila siku, hata virusi vikawa havionekani katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Mama mwenye virusi akitibiwa tangu ujauzito, aghalabu huzaa na kunyonyesha mtoto aliye salama. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, mgonjwa asiache dawa zake wala asijiamulie peke yake. Amwone daktari wake, kwani nyingi katika dawa hizo humezwa mara moja tu kwa siku, nazo huweza kupangiwa saa za usiku. Na yule ambaye hali yake haimruhusu kufunga, Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa ruhusa.

Linabaki jambo zito, nalo ni siri. Watu huuliza: Uislamu umetuamrisha kusitiri aibu, sasa mwenye virusi aseme au anyamaze? Jawabu ni kutofautisha baina ya sitara na hadaa. Jirani hana haki ya kuijua damu ya jirani yake, wala imamu, wala balozi wa mtaa. Kuitangaza hali ya mtu ni kuvunja heshima yake, tena ni kosa katika sheria ya nchi ya mwaka 2008. Ama mke na mume, na anayeposa na anayeposwa, hao wana haki. Anayeficha ugonjwa huu kwa mtu anayetaka kumwoa amemghushi, na Mtume (S.A.W.) alimtoa mwenye kughushi katika safu ya watu wake kwa jambo la chakula tu kilicholowa sokoni. Itakuwaje kwa roho ya mtu? Kwa hiyo nawasihi mawalii: kabla ya kutaja mahari, wachumba wapimwe wote wawili, waelezane wenyewe kwa wenyewe, na majibu yasiwe hadithi ya harusini. Akionekana mmoja ana virusi, jambo hilo halikatazi ndoa kwa mwenye kuridhia akiwa anajua. Wapo wengi walioana hivyo, wakatibiwa, wakazaa watoto wazima.

Enyi mnaojitolea! Nanyi nina neno kwenu. Nyumba mnazoingia ni haramu za watu. Pigeni hodi, na msipoitikiwa mara tatu rudini bila kinyongo. Mwanamume asiingie peke yake kwa mwanamke aliye peke yake. Mliyoyasikia chumbani yabaki chumbani. Neno moja likiwaponyoka barabarani, nyumba kumi zitafungwa, na wagonjwa wa nyumba hizo watakufa kimya. Siri ya mgonjwa ni amana kama mali ya yatima.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu kwa wema Wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu! Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za kazi hii katika nchi zetu ilitoka nje, na hasa Marekani, iliyoanzisha mfuko wake wa UKIMWI mwaka 2003. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zikatikisika. Katika walioguswa mapema ni hawa waendao nyumba kwa nyumba, waliokuwa wakipewa nauli na posho ndogo. Wapo waliokaa nyumbani tangu hapo. Na wapo wanaoendelea bila kitu, kwa sababu wanawajua wagonjwa wao kwa majina na hawawezi kulala.

Hatumlaumu mgeni aliyeondoa sahani yake. Lakini mwenye nyumba naye apike. Kila msikiti unaweza kufanya mambo manne. Kwanza, uwape wanaojitolea nafasi ya kusema baada ya sala, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Pili, kamati ya msikiti itenge sehemu ya sadaka kwa nauli ya anayewatembelea wagonjwa na ya mgonjwa asiyeweza kufika kliniki, na wenye zaka wakumbuke kuwa mgonjwa fukara ni katika fukara. Tatu, waosha maiti wafundishwe na wanunuliwe vifaa. Nne, imamu na wazee wa msikiti watangulie kupima, ili vijana waone kuwa kupima si fedheha.

Na nyumbani, kila mmoja wetu afanye moja: hodi ikipigwa na hawa, afungue. Awape maji, awasikilize. Huenda habari wanayoileta si yako. Huenda ni ya mwanao ambaye hajapata ujasiri wa kukuambia. Kurani imetufundisha katika Suratul Maida kuwa mwenye kuiokoa roho moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Anayefungua mlango kwa mwokozi wa roho ana fungu lake katika thawabu hiyo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwasamehe waliotangulia. Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu na zina na ulevi, na uzihifadhi ndoa zetu kwa uaminifu. Walee mayatima walioachwa na maradhi haya, nasi utujaalie kuwa walezi wao. Wape nguvu wale wanaojitolea, uwalipe kwa kila hatua wanayopiga, na uzilainishe nyoyo zetu kwao. Wape madaktari na watafiti elimu ya kupata tiba kamili, kwani hukuumba maradhi ila umeyawekea dawa. Amin, yaa Rabbal alamin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala, na mtokapo hapa mkamjulie hali mgonjwa mmoja.